Bendera ya Kona ya Mwisho

Siku za kazi Erastus alijaza mapipa ya mafuta Changamwe. Jumapili za mashindano alivaa shati jeupe, akashika bendera kwenye kona ya mwisho ya uwanja wa mbio za magari, nyuma ya Mikindani. Wazungu wa kilabu waliuchonga uwanja huo kwa katapila mwaka wa hamsini na nane, wakaikata njia iendayo makaburini. Siku za kawaida watu walipita. Siku ya mbio njia ilifungwa kwa kamba.

Agosti ya sitini na moja, mbio zikiwa zimepamba moto, jeneza likatokea. Lilikuwa la Bi Kuluthum, aliyempangisha Erastus chumba alipofika kutoka Maragoli. Mwanawe, Badawi, alikuwa mbele.

"Bwana Erastus, tupishe," alisema. "Mama ameshaswaliwa."

Erastus alimkimbilia msimamizi wa mbio, amwombe ayasimamishe magari. Mzungu hakugeuza hata uso. "Ngoja. Mbio kwisha, pita. Bendera nyekundu ni ya ajali tu."

Aliporudi, waliobeba walikuwa wakipokezana juani. Vijana wawili walikuwa wameokota mawe.

"Tutapita," mmoja alisema. "Atakayetugonga na atugonge."

Badawi alimkaripia, lakini mwenyewe alikuwa ameshaiinua kamba.

Erastus alilijua vumbi la kona ile: dereva haoni kitu mpaka afike. Akatwaa bendera nyekundu, akaingia katikati ya njia, akaiinua kwa mikono miwili. Gari la kwanza likafunga breki. La pili likasimama nyuma yake. La tatu likachomoza vumbini kwa kasi, likayumba, likampita ubavuni bila kumgusa na kujikita kwenye magunia ya mchanga.

Injini zikazimwa. Ndipo iliposikika "La ilaha illallah", na jeneza likavuka.

Dereva wa lile gari alitoka mzima, akamtukana Erastus mpaka sauti ikamkauka. Jioni msimamizi alimnyang'anya bendera. "Usirudi hapa." Hata hivyo, kilabu kiliweka amri mpya: maiti akija, magari yasimame.

Siku ya khitma ya kumwombea mama yake, Badawi alimfuata Erastus chumbani, akaja naye, akamketisha na wazee.

"Hukuogopa?" wakamuuliza.

"Niliyaogopa yale mawe, wazee wangu."

Uhuru ulipofika kilabu kilikuwa kimevunjika, na malori yakaegeshwa uwanjani. Erastus aliendelea na mapipa yake. Lakini kwa miaka mingi, lori likifunga breki ghafla kwenye njia ya Nairobi, alisimama akashika ukuta, akangoja moyo utulie.