Amri ya Kumrudisha Mtani Kazini

Siku ya kwanza niliporipoti ofisi ya kazi Songea, Afisa Kazi wa Mkoa hakuniuliza nimesoma wapi. Alinionyesha benchi lililokuwa nje ya mlango wake, limejaa watu, akasema, "Binti, hao wote wamefukuzwa. Watalia. Ukilia nao hutawasaidia. Kila mmoja muulize swali moja tu: kamati ilikaa?"

Nilikuwa nimetoka chuoni juzi, nimevaa sketi ya kuazima kwa dada yangu, na swali hilo ndilo likawa kazi yangu. Ninyi mnaofukuzwa siku hizi kwa ujumbe wa simu mtashangaa. Wakati wetu kila kiwanda kilikuwa na kamati ya wafanyakazi, na mwajiri hakuweza kumfukuza mtu kabla ya kukaa na kamati hiyo na kuieleza kosa. Mfanyakazi asiporidhika, shauri lilikuja kwetu kwenye baraza la usuluhishi. Mwenyekiti alikuwa mtu wa ofisi ya kazi, kulia mwakilishi wa waajiri, kushoto mwakilishi wa wafanyakazi. Nimeona mameneja wa mashirika ya umma, watu wenye vitambi na madereva, wakimrudisha mfagizi kazini kwa sababu tu kamati haikukaa. Nikasema moyoni, nimepata kazi ya maana. Nilijidanganya vizuri sana.

Walinipeleka Tunduru kwanza. Huko mashauri yalikuwa ya wapagazi wa maghala ya korosho, wazee waliokuja na kanzu safi kuidai haki yao, na tukishindwa waliniambia, "Mwanangu, Mola ndiye hakimu," wakaondoka bila kinyongo. Mimi kinyongo nilikuwa nacho kwa niaba yao. Niliporudishwa Songea, soko huria lilikuwa limeshafika. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa, na benchi la nje halikuwatosha watu tena; wengine walikaa chini ukutani. Bosi wangu wa kwanza alikuwa amestaafu. Aliyemrithi aliniita, akafunga mlango.

"Mama Kazi," akasema, maana mji mzima ulishaniita hivyo, "wawekezaji tumewatafuta kwa tochi. Usije ukatufukuzia kwa vikaratasi vyako."

Nitawasimulia shauri moja tu, maana ndilo ninaloamka nalo mpaka leo.

Pale Msamala kulikuwa na kinu cha kukoboa na kusaga mahindi. Kilikuwa cha umma, kikauzwa. Fundi wa mashine alikuwa Ngonyani, Mngoni, na msimamizi wa zamu yake alikuwa Kihwele, Mhehe. Wangoni na Wahehe, mababu zao walipigana mpaka wakachoka, ndipo wajukuu wakabaki na utani. Mtani anaweza kukutukana mchana kweupe, akachukua nyama kwenye sahani yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Msibani ndipo ana kazi hasa: kuwachekesha wafiwa, na hakatazwi mzaha wowote. Wawili hawa walianza kila zamu kwa matusi.

"Mateka wa babu yangu, leo umeoga?"

"Nimeoga. Wewe bado unanuka mbio za vita."

Kisha mashine inawashwa, na kazi inakwenda.

Baba yake Kihwele akafariki, maziko yakawa Mshangano. Meneja mpya wa kinu, mtu wa mbali na mwenye adabu zake, alikuja kuhani, akapewa kiti upande wa wafiwa. Ngonyani akatokea amevaa koti la marehemu, anatembea kwa fimbo ya marehemu na kukohoa kikohozi chake. Mjane alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Ngonyani akazunguka watu, akasimama mbele ya Meneja.

"Mateka, simama. Mateka hakalii kiti mbele ya mwenyewe."

Akamvua kofia, akaivaa, akakaa kwenye kile kiti. Uwanja mzima ukacheka. Kosa la Ngonyani ndilo hilo, na ni kosa la watu wa kwetu: hapa mtu anahesabiwa na nyumba aliyokwenda kuilia. Aliyekaa upande wa Wahehe, siku ile ni Mhehe. Meneja alisimama, akatabasamu kwa meno, akaondoka kabla ya chakula.

Asubuhi ya kazi Ngonyani alizuiwa getini. Kosa: dharau kwa mkuu wa kazi. Akaja kwenye benchi langu.

"Kamati ilikaa?" nikamuuliza.

"Kamati gani, Mama Kazi? Ilikufa siku kinu kilipouzwa wakabadilisha bango."

"Meneja ni mtani wako?"

"Alikaa upande wa wafiwa. Angekaa kwetu nisingemgusa." Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mcheshi vile. "Nyumba yangu iko nyuma ya kinu. Mashine ikiwashwa naisikia, na mimi nimekaa kitandani. Chakula hakipiti. Wewe nirudishe tu mle ndani, mengine sitaki."

Diwani wa Msamala, muuza mbao mwenye sauti kubwa, alilibeba jambo hili mpaka baraza la madiwani. Wakapitisha azimio kwamba mwajiri mwenye leseni ya mji asimfukuze mtu bila ofisi ya kazi kupewa taarifa. Walipiga meza kwa furaha. Nami nilipiga yangu, nikiwa nimekaa nyuma kama mwalikwa. Tulipotoka, Mkurugenzi wa Mji alinivuta pembeni.

"Azimio zuri, Mama Kazi. Ila nikimnyima leseni akahamishia mashine Makambako, watakaokosa kazi ni wote. Utawaweka kwenye benchi gani?"

Azimio lilibandikwa ubaoni, jua likalichoma mpaka maandishi yakafifia, na mtu akabandika tangazo la mechi juu yake.

Basi likabaki baraza letu la usuluhishi, na mwenyekiti sasa nilikuwa mimi. Meneja alimleta Kihwele kuwa shahidi wake, na sote tulijua maana yake: mtu huyu anakula kwa mkono wa anayemtaka aseme. Kihwele alisimama na kofia mkononi.

"Ngonyani alikuvunjia heshima msibani kwako?" nikamuuliza.

"Asingefanya alivyofanya, ningemshitaki mimi. Baba yangu angezikwa kama mtu asiyejulikana."

"Na Meneja?"

"Meneja alikaa kwetu, tukamhesabu wetu. Kama hakutaka kuwa wetu, si angebaki garini?"

Hata mwakilishi wa waajiri, mfanyabiashara mzito wa mjini, alijifunika leso asionekane anacheka. Uamuzi ulikuwa wa kauli moja: Ngonyani arudishwe kazini. Nilifurahi kupita kiasi, nikaamua kumpeleka getini mwenyewe. Alivaa ovaroli iliyofuliwa na kupigwa pasi.

Meneja alitoka mpaka getini. Hakufungua.

"Mama, baraza lako naliheshimu," akasema kwa upole. "Lakini sheria inanipa njia mbili: nimrudishe, au nimlipe fidia aende zake. Nimechagua kumlipa."

Kifungu hicho nilikijua. Kilikuwepo tangu siku yangu ya kwanza kazini, kimekaa kimya, kwa sababu zamani meneja wa umma aliyekitumia angeulizwa na wakubwa wake. Sasa hapakuwa na wa kumuuliza mtu. Nyuma ya Meneja mashine ilikuwa inanguruma, na Ngonyani aliisikiliza, kisha akanigeukia.

"Mama Kazi, kwa hiyo tumeshinda?"

"Tumeshinda," nikamjibu, kwa sababu hukumu ilisema hivyo.

Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, Kihwele naye akaondolewa. Hakufukuzwa. "Alipunguzwa," neno jingine la miaka ile, na kwa neno hilo baraza langu halikuwa na la kusema. Ngonyani aliuza nyumba ya Msamala, akahamia Lusewa kwa wakwe zake kulima, mahali asipoisikia mashine.

Mimi niliendelea mpaka nikastaafu. Waliniaga kwa soda na keki, wakanisifu kwamba nimetetea wanyonge. Nilisikiliza hotuba zile nikiwa na hasira, na bado ninayo. Wazee husema haki ya mtu haipotei. Mimi niliishika mkononi, ina muhuri, nikaifikisha mpaka getini, na ilipotea pale pale mimi nikiangalia. Kijana akiniuliza kama asomee kazi yangu, nashindwa kumwambia asome na nashindwa kumwambia asisome.

Mwaka uliopita Ngonyani alifariki. Nilikwenda Lusewa kumzika. Kihwele alikuwa ametangulia, kazeeka, amevaa ile ovaroli ya mtani wake. Jeneza lilipofikishwa kaburini, akashuka, akalala mle ndani chali.

"Haingii mtu humu," akasema. "Huyu ana amri ya baraza ya kurudi kazini. Mama Kazi yuko pale, muulizeni."

Watu wote waligeuka kuniangalia, wakicheka, na mjane akicheka pamoja nao.

"Mama Kazi," Kihwele akaita kutoka chini, "tulishinda, hatukushinda?"

"Tulishinda," nikasema.

"Basi mpelekeni kinuni."

Kicheko kikakatika. Wazee wawili wakamshika mikono kumtoa. Alikuwa analia, na mtani msibani haruhusiwi kulia.