Kipande cha Ini la Kapya

"Baba, mukishaiangalia ile kanyama ya muntu, munaipelekaka wapi?"

Marceline aliuliza hivyo akiwa bado mdogo, tonge la bukari mkononi, na mama yake akamkanya kwamba mezani hapaletwi mambo ya hospitali. Baba yake, Mwaba, alicheka tu. "Kula, mama." Mtaa mzima wa Bel-Air ulijua kazi yake, maana mikono yake ilinuka formoli hata siku ya Mungu.

Kazi yenyewe Marceline hakuchoka kuisikia. Daktari akitoa kipande cha uvimbe wa kichwani au cha ini, Mwaba alikilaza kwenye formoli kisioze, kisha akakipitisha kwenye alkoli kali mpaka maji yote yatoke, ndipo nta ya moto iingie pale maji yalipokuwa. Nta ikiganda, alikikata kwa mashine yenye wembe, akapata utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, akautandaza juu ya kioo na kuutia rangi ya waridi na zambarau. Hebu fikiria: mtu mzima, na majina yake yote, anangoja nje kwenye benchi, na ugonjwa wake uko ndani, juu ya kioo, umepambwa kama kitenge.

Mwaka mmoja alkoli iliisha. Waliagiza nyingine tangu mvua za kwanza, na kila aliyeulizwa alijibu kwamba iko njiani. Pale labo, kwenye maabara ya hospitali, wakaanza kutumia lutuku, ile pombe kali inayopikwa nyuma ya nyumba za watu, wakiichemsha upya na kukinga mvuke wake ili ikolee. Kwa vipande vya ngozi ilikubali. Wakazoea.

Ndipo Kapya, mdogo wake Mwaba, mfanyakazi wa tanuru la shaba, akavimba tumbo na macho yakawa manjano. Dokta Musonda alimdunga sindano ndefu ubavuni, akatoa kinyama chembamba kama uzi. Damu ilichelewa kuganda hata wauguzi wakaanza kutazamana.

"Baba Mwaba," alisema daktari, "kama ni kifua kikuu kimeingia mu maini, dawa iko. Kama ni kansa, tumurudishe tu ku nyumba. Lakini siwezi kumupa dawa bila kujua, zile dawa zenyewe zinaharibishaka maini. Uniletee kioo."

Mwaba alikwenda kumweleza Kapya kitandani kwamba alkoli haiko.

"Tunaweza kungoya kidogo," alisema.

"Kungoya mpaka lini, yaya?" Kapya alimuuliza kaka yake.

"Banasema inakuya."

"Na bunga ya posho ya kampuni banasemaka inakuya. Tumikisha lutuku. Miye nilikunywa ile kintu miaka yote, leo na yenyewe inisaidie."

Victorine, mke wa Kapya, alimwambia mumewe aache maneno, atamaliza nguvu. Lakini mwenyewe alikuwa anacheka, na Mwaba naye akacheka.

Akatumia lutuku. Ila ini si ngozi. Ini ni laini, limelowa damu, na maji yalibaki humo ndani. Nta ikazunguka nje isiingie. Wembe ulipougusa ule uzi, haukutoa utando. Uzi ulipukutika kama mchanga. Mwaba aliokota punje alizoweza, akazitia rangi. Dokta Musonda aliinamia mikroskopi muda mrefu, akainua kichwa na kuuliza kama kimebaki kingine. Hakikubaki. Kumdunga Kapya tena alikataa. Safari hii damu isingesimama.

Kapya alikufa, na alkoli haijafika.

Kwenye matanga ndugu walitaka kujua kitu kimoja tu, amekufa kwa ugonjwa gani. Mwaba alisema maini.

"Maini ya nini?" shangazi yake akauliza. "Weye njo muntu wa labo. Ugonjwa haina jina?"

Hakuwa na jina la kuwapa. Basi walimgeukia Victorine, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa anampikia marehemu. Walibeba sufuria, redio na kitanda, yeye wakamwonyesha mlango. Mwaba alisimama kusema kwamba si sumu. Wakamuuliza anajuaje. Akakaa chini.

Sasa Victorine anauza makaa kwenye barabara ya Kasapa, na wanaomfahamu hununua kwa jirani yake. Marceline amekuwa msichana mkubwa, yuko sekondari. Juzi alikuwa amefungua kitabu cha biolojia, penye picha ya seli za ini, waridi na zambarau, baba yake akaja kukaa kando yake. Aliitazama ile picha.

"Uliniulizaka siku moja tunaipelekaka wapi," alisema. "Hatuipelekake popote. Ziko zote kule mu kabati, mu nta yake, hata za bale balishazikwa. Munganga wa hospitali akitaka kujua tena, tunakata tena. Ya baba yako mudogo tu njo haiko. Niliifagia."