Sikio la Fundi Edith

Ukifika mtaa wa Izia ukauliza fundi injini, utaelekezwa kwa mwanamke. Usicheke. Wengi walishacheka, kisha wakarudi wamebeba injini za mashine za kusaga zimekufa, na Edith akazipokea bila kuwauliza walichokuwa wakichekea. Ni mtoto wa wakulima wa ulezi, na ufundi aliupata kwa marehemu mzee Wilibrodi, aliyemfundisha kwa miaka tisa kuchonga chuma kwa sikio. Unagonga kwa boliti, unasikiliza. Kikilia juu, kimebaki chembamba, acha hapo hapo. Kikilia chini, kizito, endelea. Sikio hilo halikuwahi kumwangusha, na tuseme ukweli, lilimpa kiburi kidogo.

Ndipo Andwele akaleta gari lake. Andwele ni mtu wa Mbeya, anauza vipuri pale Milanzi, na gari lenyewe alilitoa Dar: la michezo, limelala chini, lina injini ya rotari. Hiyo haina pistoni zinazopanda na kushuka. Ndani kinazunguka kitu cha pembe tatu, na hewa huingia kwa milango iliyokatwa kwenye pleti za chuma za ubavuni. Ukiipanua milango hiyo, injini inavuta hewa zaidi na gari linaruka. Andwele alitaka liruke. Kulikuwa na mashindano Mbeya, na alishautangazia ukoo mzima. Alikuwa na mafundi wanne wanaume kichwani, lakini mkewe, Atuganile, akasema, "Hapana. Mpe Edith." Edith na Atuganile wanapakana ukuta kwa ukuta, na tangu Edith afiwe na mama yake, huyo ndiye dada aliyebaki naye.

Edith alikata kiolezo kwa boksi la sabuni, akachora kwenye pleti, akaanza kusaga kwa grenda ndogo. Nyuma ya ile milango hupita njia za maji ya kupoza injini, na ukuta unaotenganisha hewa na maji si mnene. Aligonga, akasikiliza. Chuma kililia kizito. Akasaga. Akagonga tena. Kizito. Akasaga tena.

Jumatano mchana akaziba njia za maji, akazijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, akapaka povu la sabuni kwenye ule mlango wa hewa. Kiputo kikatokea. Kimoja tu, kadiri ya punje ya ulezi. Kikavimba, kikapasuka, na kingine kikaja mahali pale pale. Upepo ulikuwa unavuja, ukuta umetoboka.

Yesu na Maria! Akakaa chini kwenye vumbi la chuma. Alipopitisha waya kwenye njia ya maji ndipo akaelewa. Ilikuwa imejaa kutu na chokaa, imegandamana hadi imekuwa jiwe. Aliyelimiliki gari zamani alilinywesha maji ya kisima miaka yote. Kile kilichokuwa kikimlilia Edith kizito hakikuwa chuma, kilikuwa uchafu. Angesafisha kwanza ndipo agonge, angesikia. Lakini nani alimwambia asafishe? Vyuma alivyozoea kuvichonga havikuwa na tumbo ndani.

Pleti nyingine kama ile haipo nchini. Andwele alishatafuta mpaka akachoka. Edith aliwasikia wale mafundi wanne hata kabla hawajafungua midomo: si tulisema? Akachukua gundi ya chuma, akaziba, akasaga juu pakawa laini, akapima tena. Hakuna kiputo. Gundi ile ingeweza kushika miaka. Ingeweza pia kuachia siku injini ikichemka, maji yakavutwa ndani, gari likazimika likiwa kasi. Hakujua, na hakusema.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, alimkabidhi Andwele gari. "Shemeji, lisitoke uani mpaka Jumamosi," alimwambia. "Safari ya kwanza, mpaka Namanyere, tunakwenda wote." Hiyo ilikuwa sheria ya mzee Wilibrodi: fundi aliyefungua injini hukaa kiti cha mbele mara ya kwanza inapopelekwa mbali. Basi Edith akabaki na siku hizo mbili, na zilimtesa kweli kweli. Honi ikilia barabarani, roho inaruka. Kila akifumba macho anaona barabara ya Namanyere, lori la mahindi mbele, Andwele anatoka kulipita, na injini inakufa katikati. Alijifariji kwa jambo moja tu, kwamba gari limesimama uani.

Jumamosi asubuhi wakaja kumchukua. Andwele alikuwa akicheka peke yake kwa furaha. Atuganile alishakaa nyuma, na kitenge amejifunga vizuri.

"Fundi, panda! Kiti chako hicho."

Edith alishika mlango. Nitapanda, alijiambia. Nitanyamaza. Kama ni kufa, si nami nimo? Ndivyo alivyowaza, tusimpambe. Kisha Atuganile, kule nyuma, akakisukuma kwa magoti kile kiti cha Edith, akasema, "Ingia bwana, usitucheleweshe, nimekubebea maandazi."

Edith aliinama dirishani, akazungusha ufunguo, injini ikazimika.

"Nimelitoboa," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. "Shemeji, chuma nimekitoboa, njia ya maji. Nimeziba kwa gundi. Sijui kama itashika. Msiende nalo popote."

Andwele alidhani ni utani. Akamtazama vizuri, kicheko kikakatika. "Umejua lini?"

"Wiki iliyopita. Kabla sijaifunga injini."

Atuganile alishuka, akafunga mlango polepole, akasimama mbele ya Edith.

"Jana, ulipokuwa kazini, tulikwenda nalo Laela," alisema. "Huyu alishindwa kusubiri. Watoto wote watatu walikuwa nyuma, Edith. Akawa anaogopa kulikimbiza, na mimi ndiye niliyemwambia, kanyaga tu baba, usiogope, hili amelitengeneza Edith."