Maji ya Kibugu Huchemka kwa Tisini na Nne

Kelele ndizo zilizoniudhi kwanza. Kelele za darasa lisilo na mwalimu nazijua, na dawa yake naijua. Hizi zilikuwa kelele za furaha, zikitoka kidato cha pili, saa tano asubuhi, katika kipindi cha fizikia. Nimefundisha fizikia miaka kumi na minane katika shule moja ya kutwa huku juu Kibugu, mahali mashamba ya chai yanapoishia na msitu unapoanzia, na sikuwa nimewahi kusikia mtoto akishangilia umeme. Niliweka chaki chini nikasimama mlangoni. Wanafunzi wangu nao wakainua shingo. Walitamani kuwa kule, wala sikuhitaji kuambiwa.

Mwenye kipindi alikuwa mwalimu mpya, msichana aliyetoka chuo juzi, aliyeajiriwa na bodi ya shule. Kwao ni Meru, ambako mama yake huuza ndizi na viazi katika soko la Gakoromone, na Kiswahili chake kilikuwa na ile lafudhi ya Wameru ambayo sisi watu wa Embu hupenda kuitania, ingawa yetu si afadhali. Hakuja na chati hata moja. Alikuja na laptopu yenye ufa kwenye kona, na ndani yake alikuwa amepakua maabara nzima kutoka mtandaoni: betri, balbu, nyaya, springi, birika la maji juu ya moto. Vyote vilikuwa picha tu, na vyote vya bure. Ukigusa swichi, balbu inawaka. Ukizidisha betri, inaungua na kutoa moshi, na hapo ndipo kidato cha pili walipopiga mayowe.

Projekta ilikuwa ya shule. Kwa muda mrefu ilikaa juu ya kabati la mkuu wa shule, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mimi sikuwahi kuiomba. Yeye aliiomba wiki ya kwanza, akapewa, akaziba madirisha kwa leso mbili na kuanza kazi.

Nisimseme yeye kabla sijajisema mwenyewe. Kabla hajaja, mimi ndiye niliyekuwa na vitu. Nilikuwa na chati za karatasi ya manila nilizochora kwa mkono wangu, jicho la binadamu, mota ya umeme, mawimbi, zote zimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni ili mvua isizipate. Nilikuwa na notisi ambazo nimezinyoosha mwaka baada ya mwaka. Walimu wa shule jirani walikuja kuziomba, nami nikawaambia ufunguo wa kabati umepotea. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Niliona kwamba nimetoa jasho, kwa hiyo anayetaka naye atoe lake.

Sasa huyu msichana akanijia katika chumba cha walimu na flashi mkononi.

"Mwalimu, nimekuwekea zote hapa. Haihitaji intaneti. Unaeza hata kupatia mwalimu mwingine, ni za bure."

"Nani alizitengeneza?"

"Watu tu. Walimu, wanasayansi huko nje. Waliweka hapo kila mtu achukue."

"Na wao wanapata nini?"

Alicheka. "Hata sijui, mwalimu. Labda hawataki kitu."

Sikuamini hata kidogo. Mtu achore birika, aliwekee moto, aliwekee mvuke, ahesabu kila kitu kiende sawa, kisha amwachie mtu wa Kibugu asiyemjua? Lazima kulikuwa na kasoro mahali. Niliichukua flashi, nikashukuru, nikaitia kwenye droo, na kuanzia siku hiyo nikaanza kuitafuta hiyo kasoro.

Halafu nikaugua kifua. Wiki mbili sikufika shuleni, na yeye akanishikia kidato cha tatu. Niliporudi, mkuu wa shule aliniita ofisini, akanionyesha barua iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya wanafunzi wangu.

"Mwalimu, usichukulie vibaya," alisema. "Watoto wanaomba madam ndiye awapeleke kidato cha nne. Mimi sijaamua. Wacha tuone mpaka mwisho wa muhula."

Mtu asiye mwalimu huenda asielewe uzito wa jambo hili. Sina cheo. Mimi si naibu, si msimamizi wa mitihani, wala hata kwenye kamati ya chakula simo. Nilichonacho ni kidato cha nne. Kila mwaka mimi ndiye ninayewafikisha kwenye mtihani wa mwisho, na siku ya wazazi ni jina langu linalotajwa wanapozungumzia fizikia. Ukininyang'anya darasa hilo, ninabaki mzee wa makamo mwenye koti lenye vumbi la chaki. Nilikwenda nyumbani nikasukuma sahani pembeni. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia hakuna. "Hiyo hakuna yako imevimba," alinijibu, akaendelea kuchochea moto.

Nilikuwa na wivu. Nililala nao, nikaamka nao, nikapanda nao kilima kwenda kazini. Nilipomwona yule msichana akipita na laptopu yake kifuani, nilitamani ianguke.

Basi nikapanga siku ya kumwaibisha. Niliamua kuwafanyia kidato cha tatu somo la maabara la kuchemsha maji, kwa moto wa kweli na maji ya kweli, na nikamwalika mwenyewe kwa adabu zote. "Njoo, madam, uone maabara yenyewe." Alifurahi. Alikuja na kiti chake, akaketi nyuma.

Nilipanga makundi kumi, kila kundi na bika lake la kioo, moto wake na themomita yake. Kazi yao ilikuwa kusoma joto kila dakika mpaka maji yachemke, kisha waandike. Nilitembea katikati ya meza nikiwa nimefunga mikono nyuma. "Kwenye kompyuta," niliwaambia, "maji hayachomi mtu. Hapa yanachoma." Walicheka. Nilisikia utamu, nikageuka kidogo nione kama naye amesikia. Alikuwa akitabasamu.

Maji yakapanda. Themanini. Tisini. Tisini na tatu. Mapovu yakaanza kurukaruka, mvuke ukajaa kwenye vioo, na zebaki ikasimama penye tisini na nne. Husimama hapo kila mwaka. Na kila mwaka nilikuwa na maneno yangu tayari, nikayatoa tena bila kufikiri.

"Hizi themomita za shule zimezeeka. Maji huchemka kwa nyuzi mia moja. Andikeni mia."

Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakiinama na kuandika mia. Siku hiyo hakuna aliyeinama. Mkono mmoja uliinuka kutoka meza ya dirishani.

"Mwalimu, themomita zote kumi zimezeeka sawasawa?"

Kicheko kilipita chini chini. Mwingine akadakia. "Mwalimu, ulipokuwa mgonjwa madam alituonyesha. Unapandisha birika juu, inachemka mapema. Tukaweka kimo cha hapa kwetu Kibugu, ikasema tisini na nne."

Vichwa vyote viligeukia nyuma. Yule msichana alikuwa akitazama sakafu.

"Madam," nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "ni kweli?"

"Ni kweli, mwalimu." Aliinua macho. "Lakini si ni wewe uliwafundisha? Iko kwa notisi zako, zile watoto wamenakili. Nilisomea hapo nikikushikia."

Alikuwa akinistahi mbele ya watoto, nami nikamchukia zaidi kwa hilo. Maana alikuwa anasema kweli. Niliyaandika mwenyewe, kwa mkono wangu, ukurasa ninaoujua kwa moyo: sehemu za juu hewa hukandamiza maji kidogo, kwa hiyo huchemka kabla ya kufika nyuzi mia. Mfano, Mlima Kenya.

Mfano, Mlima Kenya! Na mimi nimekaa juu ya mgongo wake. Katika akili yangu mlima ulikuwa ule wenye theluji, wanakopanda wazungu na mabegi yao. Hapa kwetu palikuwa nyumbani tu. Sikuwahi kufikiri hata siku moja kwamba ninaishi mlimani. Huku kila mama analalamika kwamba githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, haiivi, kwamba mahindi ya siku hizi ni magumu, nami nimekula githeri hiyo, nimelalamika pamoja nao, kisha nikaenda darasani kuwaambia watoto wafute kile macho yao yamesoma. Watu wasioijua Kibugu walikuwa wameiachia Kibugu nafasi ndani ya birika lao la bure. Mimi ninayelala hapa nilikuwa nimeifuta.

"Andikeni," nikasema. Sikusema waandike nini.

Saa nane nilikaa katika chumba cha walimu na madaftari arobaini na mawili na kalamu nyekundu. Nilifungua la kwanza. Tisini na nne. Nikaweka alama ya vyema. La pili, tisini na nne. La tatu, tisini na tatu na nusu. Kila alama niliyoweka ilikuwa kama ninampa yule msichana kura yangu. Nilifika daftari la thelathini na kitu mkono ukiwa mzito, nikafungua moja lililofunikwa kwa gazeti, na hapo palikuwa pameandikwa mia moja.

Nilifurahi. Nasema wazi: kabla ya kitu kingine chochote, nilifurahi. Lilikuwa la msichana mmoja mnyamavu wa meza ya katikati, asiyeuliza maswali, anayenakili kila ninachoandika ubaoni pamoja na nukta zake. Nikasema moyoni, angalau huyu ni wangu.

Kisha nikaona kwamba karatasi pale ilikuwa imekonda, karibu itoboke. Alikuwa amefuta kwa raba. Niliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, na chini ya ile mia nikaisoma tisini na nne, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, imekolezwa. Mtoto alikuwa ameitazama themomita akaona kweli, kisha akanitazama mimi, akafuta.

Ningeweza kuliruka daftari hilo. Ningeweza kumpa vyema, nani angejua? Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Mwishowe niliweka alama ya kosa, na pembeni nikaandika: Hiyo 94 uliyofuta ndiyo sahihi. Mwalimu ndiye aliyekosea.

Kesho yake niliyarudisha madaftari. Yule mwanafunzi mnyamavu alisoma, akasoma tena, akalifunga daftari. "Asante, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. Sikuona hasira usoni mwake. Nilimfundisha kipindi chote nikimtazama, na kwa mara ya kwanza hakunakili kila kitu. Alikuwa akinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayepima.

Ijumaa saa kumi nilipita nje ya chumba ambamo madam huwaachia wanaopenda wabaki wajaribu maabara yake ya kompyuta. Nilichungulia dirishani pembeni ya leso. Alikuwa kiti cha mbele kabisa, yule mnyamavu, mkono wake kwenye laptopu, akilipandisha lile birika mlimani. Alisema kitu, madam akacheka, wote wakacheka. Sikuwahi kujua kwamba ana sauti ya kuchekesha watu. Nilimwonea wivu yule mwalimu kuliko siku zote nilizomwonea, hadi kifua kikaniuma upya.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia ampe madam kidato cha nne. Alisimama, akanishika mkono, akasema ni walimu wachache wenye moyo mkubwa kama wangu. Niliipokea sifa hiyo, nikatoka. Moyo mkubwa haukuwepo. Hapakuwa na darasa la kumpa, lilikuwa limeshahamia kwake lote, na mwanafunzi wa mwisho nilimsindikiza mwenyewe kwa kalamu nyekundu.