Saini ya Fundi Chupa

Kwa miaka kumi na tisa alikula mshahara wa kuteka maji asiyoyanywa. Mtaani walimwita Fundi Chupa, kwa kuwa kila walipomwona alikuwa na sanduku la barafu lililojaa vichupa vya kioo, na watani wake hawakuchoka kumuuliza bia ni za nani. Alipima maji ya chini ya ardhi, tena kwa ubishi: hakuchukua sampuli mpaka amwage kwanza maji yote yaliyolala bombani, hata mvua imtwange, hata dereva apige honi mpaka achoke. Maji yaliyolala, alisema, hayatoi ushahidi wa kweli.

Matangi yaliyofukiwa chini ya kituo cha mafuta, juu ya mtaa wa dada yake, yalipotobolewa na kutu, petroli ilishuka kimya kimya mpaka kwenye visima vya watu. Kazi ikaangukia kwake. Vilichimbwa visima kumi na kimoja vya kupimia, vyembamba kama mkono, vikafungwa kwa vifuniko vya chuma. Pampu ikawekwa kuvuta maji machafu na kuyachuja. Visima vya majumbani vikatiwa kufuli, na kwa miaka minne watu wakafuata maji kwenye bomba la mbali. Dada yake mkubwa, aliyemlea yeye tangu mama yao afariki, naye alibeba ndoo kwa magoti yake mabovu.

Mwaka wa nne namba zilishuka. Sasa, kila mwenye kazi hii anajua kwamba namba hushuka pampu ikiwa inavuta. Petroli iliyong'ang'ania kwenye udongo hurudi majini taratibu pampu ikizimwa. Ndiyo maana huzimwa, watu wakapima kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mzima, kabla ya kufungua mdomo. Yeye alipima mara moja tu, wiki ya tatu tangu pampu izimwe.

Mkuu wake alimwekea kalamu mezani. "Mzee, tulifunge hili faili. Wewe hujachoka?"

Alikuwa amechoka. Hakutishwa, hakuhongwa, asije mtu akamtafutia udhuru. Alimfikiria dada yake akipanda kilima na ndoo, akataka yaishe, akasaini kwamba maji ni salama. Kufuli zikafunguliwa.

Miezi tisa baadaye roho ilimsuta, akarudi peke yake bila kutumwa na mtu, akafungua kifuniko cha kisima namba saba. Harufu ilimpokea kabla hajainama. Maabara haikumung'unya maneno: petroli mara thelathini ya kiwango kinachoruhusiwa.

Alimkuta dada yake jikoni, anaosha vyombo kwa maji ya kisima chake.

"Dada, usiyatumie tena hayo maji," alisema. "Nilikosea."

Dada yake alikausha mikono, kidole kimoja kimoja. "Harufu nimeisikia muda mrefu," alisema. "Hata mama wa hapo jirani aliisikia. Nikamwambia, kama mdogo wangu amesaini, basi pua yako ndiyo mbovu. Ana mimba ya miezi saba yule. Bombani ameacha kwenda kwa sababu yangu."

Fundi Chupa alitafuta pa kuyaweka macho, akapakosa. Aibu ilimjia, lakini woga ukaitangulia.

"Usimwambie leo," alisema. "Acha kwanza ofisi itoe barua. Wiki mbili tu, dada."

"Kusaini hukusubiri," dada yake alisema. "Na kusema, ndipo unasubiri?"

Alivaa viatu, akatoka. Fundi Chupa alibaki amesimama kando ya beseni la vyombo, na kupitia dirisha akamsikia dada yake akimwomba jirani msamaha, akimwambia, "Kosa lote ni langu mimi."