Kisigino cha Ta Sostenes

Tulimzika Ta Sostenes, yaani Mzee Sostenes kwa lugha ya kwetu, mwaka 1992, kipupwe kimekaza, na katekista akasoma wasifu wake kama wasifu wa kila marehemu unavyosomwa. Alizaliwa kwa fulani, alichunga ng'ombe wa baba yake, alikwenda vitani, alirudi, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Akamaliza, akakunja karatasi. Neno soksi hakulitaja. Nilitaka kusimama nimkatize, ila Therese, mwenzangu wa miaka mingi, alinishika gauni akaninong'oneza kwamba huu ni msiba. Lakini mimi, Joviana, si mtu wa kumeza neno likalala tumboni. Mwanaume aliyeketi nasi mkekani kila Alhamisi kwa miaka yote ile hawezi kuzikwa nusu, na nusu iliyobaki nitaieleza mimi.

Alitoka katika zile familia za wafugaji zinazokaa ukingoni mwa mbuga, watu warefu, wasiopenda jembe na wasioficha kwamba hawalipendi. Vita vilipoanza mwaka 1978 aliingia mgambo pamoja na wengine wa huku. Mguu wake wa kulia ulibaki ng'ambo ya mpaka, kwenye bomu lililofukiwa njiani. Hospitali walimpa mguu wa mti, na pamoja nao soksi chache za kuvalisha kigutu kisichubuke. Kama vitu vyote vya kupewa, soksi ziliisha. Mguu wa mti haukuisha.

Sisi wakati huo tulikuwa na kikundi chetu cha kufuma soksi hapa Ihanda, kwenye baraza la nyumba ya zamani ya parokia. Tulifuma za wanafunzi wa bweni, za watoto wachanga, na za wazee ambao baridi ya Juni huwaingia mpaka kwenye mifupa. Miaka ile madukani hakukuwa na uzi. Hata chumvi ilikuwa ya kuvizia. Tulipata sweta kuukuu za msaada, zilizotoboka viwiko, tukazifumua. Mmoja anashika sweta, mwingine anavuta uzi, wa tatu anauosha na kuuanika juu ya mibuni, umefungwa jiwe kwa chini ili mikunjo inyooke. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli tulizozisugua ncha kwa mawe.

Nisidanganye kwamba tulikwenda pale kwa ajili ya soksi tu. Penye wengi pana mengi. Pale ndipo tulipojua nani kajifungua, nani kagombana na mawifi, ndizi za nani zimeingiwa na ugonjwa. Therese, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Rwanda, alikuwa akifuma huku anatembea, mzigo kichwani, na hakuwahi kudondosha kimoja wala kingine. Siku ya mtakatifu somo wa parokia, wafumaji wenzetu wa kijiji cha Rugu walikuja na soksi zao, tukawa tunageuza visigino vyao na wao vya kwetu, kimya kimya, kama wanunuzi wa ng'ombe wanavyotazama meno. Ukitaka kujua mfumaji, usitazame shingo ya soksi. Shingo anaifuma yeyote, ni kuzunguka tu. Kazi iko kisiginoni, pale unapoacha nusu ya vitanzi vilale kwenye sindano, ukaenda na kurudi kwenye nusu nyingine, ukivipunguza kwa hesabu mpaka mfuko unajikunja wenyewe. Ukikosea, mvaaji atatembea na uvimbe chini ya kifundo.

Kiongozi wetu alikuwa Ma Pulkeria, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini na sheria ngumu. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: hakuna mtu wa kuitwa mfumaji, wala wa kuchukua uzi kwenye kapu la kikundi kwa haki yake, mpaka akunje kisigino mbele yetu sote bila kusaidiwa. Akishakunja, tunatafuna punje za kahawa pamoja, kama ndugu wanavyofanya kwetu, na kuanzia hapo ni mwenzetu. Kabla ya hapo anatumia uzi wa kuazima.

Ta Sostenes alikuja Alhamisi moja akiwa na fimbo yake na kabuti la jeshi, akatuamkia kwa heshima, akaomba afumiwe soksi isiyo na mguu. Tulicheka kidogo, kisha tukaona kigutu chake, tukaacha kucheka. Ma Pulkeria akamfumia. Wiki iliyofuata aliirudisha ina damu kwenye mshono wa mwisho, pale vitanzi vinapokusanywa. Akafumiwa nyingine. Nayo ikarudi. Mara ya tatu hakuomba kufumiwa.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema. "Nifundisheni, nitafuma mwenyewe."

Mjini labda hilo lingepita. Ihanda, mwanaume wa ng'ombe kuketi mkekani na wanawake, spoku mkononi! Kwenye kilabu cha pombe walimwuliza lini ataanza kunyonyesha. Mkewe, Yudesi, aliona aibu kiasi kwamba akienda kisimani alizunguka kwa njia ya nyuma, ndefu, ili asipite mbele ya baraza letu. Nilimsema sana Yudesi kwa mdomo wangu huu. Yeye alikuwa mwanamke wa maneno machache na uso wa kufungwa, nami watu wa namna hiyo hunishinda.

Ila mikono ya Ta Sostenes ilikuwa imesokota kamba za kufungia ng'ombe tangu utotoni, na haikuchukua muda. Akaanzia soksi yake chini, katikati, kwa duara, kama mama zetu wanavyoanza kawa la kufunikia, akapanda nayo juu, hata pasiwe na mshono popote. Kwa soksi hiyo aliweza kutoka na ng'ombe tena. Alitembea nao taratibu mbugani, na waliposimama kula naye alisimama, akatoa uzi kwenye mfuko wa kabuti akafuma. Soksi zile zilichakaa upesi, maana mti unasugua, kwa hiyo alikuwa hawezi kuacha. Ng'ombe na uzi vilikwenda pamoja kwake. Akikosa uzi, amekosa ng'ombe.

Alhamisi alituletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Mwanzoni tulipunguza sauti akiwapo. Baadaye tukasahau. Nilipomwambia siku moja kwamba sasa hatumwoni tena kama mwanaume, alifikiri sana, kisha akasema atakwenda kwanza kumwuliza padri kama hayo ni matusi au baraka. Nilimpenda mtu yule. Nasema wazi, hakuna wa kunifanya lolote, nimezeeka.

Tatizo lilikuja uzi ulipopungua. Sweta za msaada hazikuja miezi mingi, na Ma Pulkeria akatangaza kwamba uzi uliobaki ni wa wafumaji waliokwisha kukunja kisigino. Wote tukamtazama Ta Sostenes. Alikuwa akifuma vizuri kuliko baadhi yetu, lakini mirija tu, mirija mitupu. Kisigino hakuwahi kukigusa. Ma Pulkeria akampa uzi wa soksi moja kamili, akamwambia akunje pale pale, jambo liishe.

Alifuma shingo haraka. Akafika mahali pa kugawa vitanzi. Akaviacha nusu vilale, kama inavyotakiwa, akaanza safu ya kwanza ya kisigino, na hapo mikono ikasimama. Tulimngoja. Niliona jasho kwenye paji la uso wake ingawa ukungu ulikuwa bado umelala migombani.

"Nafuma kisigino cha nani?" akauliza.

Macho yetu yakashuka kwenye mguu wa mti. Akaiweka ile soksi mkekani polepole, asivunje vitanzi, akachukua fimbo yake akaondoka.

Hakurudi Alhamisi iliyofuata, wala iliyofuata hiyo, wala mvua za masika zote. Mimi nilimjia juu Ma Pulkeria. Nilimwambia kwamba ana moyo wa jiwe la kusagia, kwamba mtu amepoteza mguu na yeye anamdai kisigino. Aliniacha nimalize yote.

"Nikimwachia yeye peke yake," akasema, "nitakuwa nimemwambia kwamba yeye si mzima kama sisi. Hilo anaambiwa kila siku kila mahali. Hapa asiambiwe."

Hilo liliniudhi zaidi. Nikachukua kiasi cha uzi wangu mwenyewe, si wa kapu, nikaufunga kwenye khanga, nikaenda kwao.

Nilimkuta Ta Sostenes nje ya nyumba, mguu wa mti umeegemezwa ukutani. Soksi yake ya mwisho ilikuwa imeisha, kigutu kimechubuka vibaya, na alikuwa hatembei. Nikauliza habari za ng'ombe. Akaelekeza kidevu mbugani. Yudesi ndiye aliyekuwa nao, kama alivyokuwa nao wakati wote wa vita, na wakati wote wa hospitali. Alitoka nao asubuhi, akirudi anaingia shambani. Nilimpa Ta Sostenes uzi. Aliuweka mapajani, akanishukuru, asiuguse.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo, tukizungumza habari za mvua, Yudesi aliporudi na ng'ombe. Alikuwa peku. Aliniamkia, akafunga zizi, kisha akaketi kizingitini akanyoosha miguu, akaanza kupaka samli kwenye visigino. Mimi nimelima maisha yangu yote na najua magaga, ninayo yangu. Lakini visigino vya Yudesi vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kwenye mipasuko miwili mitatu kulikuwa na damu. Alipaka bila kukunja uso, huku akimweleza mumewe kwamba yule ndama mwekundu amepona kuhara.

Ta Sostenes hakusikia habari za ndama. Alikuwa anatazama ile miguu. Alitazama kwa muda mrefu hata Yudesi akaona, akavuta gauni kuifunika. Nikaona ni wakati wa kuaga.

Sijui walisemezana nini nilipoondoka. Ninachojua ni kwamba Alhamisi iliyofuata tuliona watu wawili wanakuja kwa njia ya mbele, yeye na fimbo yake, mguu wa mti umefungwa kwa matambara, na Yudesi nyuma yake ametazama chini. Hayawi hayawi, yakawa. Ta Sostenes akaomba ile soksi aliyoiacha. Ma Pulkeria alikuwa ameihifadhi vile vile na spoku zake. Kisha akamwomba mkewe aketi mbele yake na kunyoosha mguu.

Yudesi alisita. Tulikuwa wanawake wengi pale, na mimi niliyemsema kuliko wote nilikuwa mbele kabisa. Lakini aliketi. Ta Sostenes akauchukua mguu wake akauweka juu ya paja, juu kidogo ya pale mti unapoanzia, akauzungushia uzi kisiginoni kupata kipimo. Kisha akafuma. Alikwenda na kurudi, akapunguza vitanzi, akakosea, akafumua, akarudia. Mara mbili nilifungua kinywa nimwelekeze, na mara zote mbili Ma Pulkeria alinitazama nikakifunga. Nikaikalia mikono yangu. Kila baada ya safu chache alikuwa anaipachika soksi ile mguuni mwa mkewe, taratibu kwenye ile mipasuko, anaangalia panapobana, anaendelea.

Kisigino kikajikunja. Ma Pulkeria akainama akakipima kwa kidole gumba, ndani na nje, hakumhurumia hata kidogo. Akatikisa kichwa kukubali, akaleta kahawa ya kutafuna. Therese akaanza kupiga vigelegele, akaacha, kwa sababu Yudesi alikuwa analia. Alilia bila sauti, mguu wake bado uko pale pale juu ya paja la mumewe.

"Tangu arudi," alisema, na hakusema kwa hasira, "kila anayenikuta njiani ananiuliza habari za mguu wake. Mguu wa Sostenes unaendeleaje. Ni vizuri, mliuliza kwa upendo. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza habari za miguu yangu."

Nilikumbuka nilivyomwuliza mimi, kisimani, sokoni, kanisani, swali lile lile. Tuliogopa kutazamana.

Ta Sostenes alikuwa ameinamisha kichwa. Aliokota vile vitanzi vilivyokuwa vimelala, kimoja kimoja, akaviunganisha na kisigino, akaanza kuzunguka kuelekea vidole. Alifuma mpaka akafunga ncha na kukata uzi. Kisha akajifuta macho kwa mkono wa kabuti, akaingiza mkono kwenye kapu letu, akachagua uzi, akamwambia mkewe alete na mguu wa pili.