Jogoo wa Kusogeza Foleni

Barua ya chuo kikuu ilisema jina langu limewekwa katika orodha ya kungojea. Nafasi za kusomea sheria zilikuwa zimejaa. Kama kuna aliyechaguliwa ambaye hangefika, huenda wangeniita mimi, au mwingine aliye kama mimi. Nilimsomea baba polepole, nikimgeuzia kila sentensi kwa Kiswahili, naye alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilipomaliza akacheka.

"Kumbe uko foleni! Mimi nilifikiri wamekukataa."

Baba alikuwa akipitisha mizigo ya watu pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kazi yake ilikuwa kukimbia na karatasi za madereva kutoka dirisha moja la forodha hadi jingine, mpaka lori lifunguliwe kizuizi. Miaka ile malori yalilala barabarani pua kwa mkia, mengine kwa muda mrefu hata madereva wakafua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Lakini baba hakuwahi kuona lori lililokaa foleni likaambiwa Uganda imejaa, rudi nyumbani. Kwa watu wa Malaba, aliye foleni amekwisha kuvuka. Kilichobaki ni subira, na kujuana na mtu wa dirishani.

Kwa hiyo habari zilienea kwamba nimepata. Mama akatengeneza ajoni, ile pombe yetu ya wimbi, na ilipoiva majirani wakaketi kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mimi nikapewa kiti kando ya baba. Nilijiona kama bwana harusi ambaye bibi harusi hajasema ndiyo. Nikajaribu kueleza.

"Foleni hii haisogei hivi hivi. Lazima aliye mbele atoke."

"Atoke aende wapi?" akauliza jirani yetu mfuga ng'ombe, aliyekuja kwa miguu kutoka Chakol.

"Abadili nia. Akose karo. Ama augue."

Mrija wake ukatoka mdomoni. "Sasa wewe unakunywa pombe hapa na sisi, huku unangoja mtoto wa watu augue?"

Walicheka mpaka chungu kikatikisika, na baba alicheka kuliko wote. Mimi uso uliniwaka moto. Alikuwa amesema kweli tupu, na nilikuwa nimeisema mimi kwanza.

Tangu siku hiyo barabara kuu ikawa adui yangu. Madereva wote walikuwa wameambiwa.

"Wakili! Bado uko kwa foleni?"

"Bado."

"Yule wa simiti alikuja nyuma yako, na saa hii ako Tororo, ng'ambo!"

"Injini yake imekufa huyo," mwingine alidakia kutoka chini ya lori lake. "Boss, kuja tukusukume!"

Nikaanza kupita nyuma ya nyumba za wageni, kandokando ya reli, hata nikitumwa mafuta ya taa tu. Mimi niliyekuwa nimemchosha katekista kwa maswali, niliyemwuliza chifu mbele ya watu kwa nini barabara ya kwetu hutengenezwa anapokuja mkubwa tu, sasa nilijificha nisiulizwe. Zamani vijana wa kwetu walivuka tu wakasome Kampala. Lakini ng'ambo ilikuwa imeharibika tangu wanajeshi washike serikali, na hakuna mzazi aliyetaka kumpeleka mtoto huko. Ilikuwa Nairobi, au kubaki Malaba nikibeba karatasi nyuma ya baba.

Chuo kilipokaribia kufunguliwa bila neno lolote, baba alimkamata jogoo mwekundu, akamfunga miguu, akamtia kikapuni kichwa kikiwa nje.

"Foleni haisogezwi na mtu amekaa nyumbani," akasema.

"Baba, hiyo ni hongo."

"Hongo ni pesa. Hii ni kuku. Utaenda kwa mtu mikono mitupu, kwani umelelewa wapi?"

Tukapanda treni ya Nairobi. Jogoo aliwika Eldoret, akawika Nakuru, na kila alipowika nilitazama nje ya dirisha kana kwamba mwenye kikapu simjui.

Ofisi ya chuo ilikuwa mwisho wa ukumbi wa sakafu iliyong'arishwa. Wazazi wenye tai walikuwa wameketi kwenye benchi, na wasichana wenye suruali za miguu mipana walipita wakigeuka kutazama kikapu. Karani alikuwa kijana, labda ananizidi umri kidogo tu, amechomeka kitana katika nywele zake. Baba akavua kofia, akainama.

"Jambo mzee. Tumekuja kuona foleni ya huyu imefika wapi."

Mzee. Malaba, madereva wenye mvi walimwita baba hivyo. Sikujua kwamba hata yeye alikuwa na mtu wa kumwinamia kwa neno hilo, tena kijana wa kitana. Nilitaka sakafu ile inimeze.

"Mzee ni wewe, baba," karani akasema. "Na hiyo?"

"Kuku tu. Ya nyumbani."

"Ofisi haipokei kuku."

"Si ya ofisi. Ni yako wewe na mama watoto."

"Sina mama watoto."

"Basi itakusaidia kumpata."

Benchi nzima iliangua kicheko, karani pia. Akaandika jina langu kwenye kipande cha karatasi, akatuambia twende nyumbani, tutaletewa habari. Baba alikitua kikapu kando ya mlango, akatoka bila kugeuka. Nyuma yetu jogoo akawika.

Habari zililetwa. Nafasi imepatikana, nifike mara moja.

"Unaona?" baba akasema, na kabla sijafunga sanduku madereva wote walikwisha kujua kazi ya yule jogoo.

Nilianza masomo nikiwa nimechelewa, na darasani nilitazama nyuso za wenzangu nikijiuliza ni nani ambaye hayupo. Je, aliugua? Alikosa karo? Au hakutoka mtu yeyote, ila kuku aliliwa? Siku moja nikaenda ofisini kuuliza. Karani akanitambua kabla sijafungua mdomo.

"Mwana wa jogoo! Mzee hajambo?"

Nikasimama pale na swali langu. Kama jogoo hakufanya kitu, baba aliinama bure mbele ya watu. Kama alifanya, mimi ndimi niliyenunuliwa kwa kuku. Hakuna jibu kati ya hayo ambalo ningeweza kulibeba hadi nyumbani. Nikasema hajambo, nikaondoka.

Likizo ilipofika, baba alinipokea stesheni ya Malaba, akachukua sanduku langu.

"Na yule mzee wa ofisini?" akauliza.

"Mzima," nikasema. "Anakusalimu sana."